Malisho Niliyoyaweka kwenye Ramani

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa duka la magodoro kabla mwenye duka hajahamia Nairobi. Kiko Habaswein, kando ya barabara ya kwenda Wajir, na kwa miezi mingi watu waliendelea kuingia na kuulizia magodoro. Tulikuwa na kompyuta saba tulizopewa na shule moja iliyopata mpya, paneli mbili za sola juu ya mabati, printa yenye tabia ya kutafuna karatasi, na feni. Feni ndiyo iliyoleta watu. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu mimi ndiye niliyekiendesha chumba hicho, na nilijua nani amekuja kujifunza na nani amekuja kupoa.

Wote walisaidika, hata hivyo. Aliyetaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto alikuja kwetu. Aliyetaka kuomba kazi alikuja, akaandika barua moja kwa siku nzima kwa kidole kimoja. Akina mama wasiojua kusoma waliketi kando yangu nikawajazia fomu za serikali, huku wakinitazama mikono na kuniuliza kwa nini mashine haitaki jina la babu wa tano. Hakikuwa chumba cha mtu. Kundi lililokianzisha ndilo hilo hilo lililochimbua tope kwenye silanga, lile bwawa la kukingia maji ya mvua, likang'oa mathenge, miti ya miiba iliyotuvamia, kabla hayajaziba njia za mifugo, na kuokota karatasi za plastiki zinazoua mbuzi. Asubuhi tulikuwa na sururu, alasiri tuko kwenye kibodi. Tulikuwa watu kumi na wawili, na tulikuwa na kiburi kidogo. Mimi nilikuwa nacho kuliko wote.

Hapa lazima nimlete shangazi yangu, dada ya baba. Kwa Kisomali shangazi ni eedo, na kwetu shangazi naye humwita mtoto wa ndugu yake neno hilo hilo, kwa hiyo tulipokutana ilikuwa eedo kwa eedo. Alinilea miaka mitatu baada ya mama kufariki. Alikuwa mfupi, mdomo mkali, mpenda chai ya sukari nyingi na mpenda kugombana na watu waliomzidi urefu. Alikaa kwenye kijiji cha wafugaji, nusu siku kwa miguu kutoka barabarani, na alikuwa na ng'ombe. Wangapi, sijui. Hakuwahi kuniambia, na kwetu kuuliza idadi ya mifugo ya mtu si adabu. Ninachojua ni kwamba alikuwa mjane, na kwa sababu ya ng'ombe hao hakuwahi kumwomba mtu yeyote kitu.

Karibu na kijiji chake kuna bonde ambalo maji ya mvua huingia na kutuama. Hata mwaka mbaya, nyasi huota hapo. Familia za pale zilikubaliana tangu zamani kwamba hakuna mnyama atakayelikanyaga mpaka kiangazi kirefu, tunachokiita jilaal, kifike mwishoni na kila mahali pengine pawe pamekwisha. Walilizungushia matawi ya miiba. Shangazi na wanawake wengine watatu walililinda kwa zamu, wakifukuza hata mbuzi wao wenyewe. Ukingoni mwa bonde kulikuwa na silanga, na kundi letu ndilo lililoichimbua kwa sepetu na wilibaro, likazibua tope la miaka. Nililia nilipoona mvua ya kwanza imeijaza.

Lakini ulinzi wa bonde lile haukuwa miiba. Miiba huzuia mbuzi, haizuii mtu. Ulinzi wake ulikuwa kunyamaza. Wafugaji wa kwetu wakikutana njiani, baada ya salamu huulizana habari: mvua imenyesha wapi, nyasi ziko wapi, maji yako wapi. Ukiulizwa, husemi uongo, kwa sababu kumdanganya mtu kuhusu maji ni sawa na kumuua. Ila hulazimiki kujibu usichoulizwa. Na mgeni akishafika na wanyama wenye njaa, akatoa salamu, ukaitikia, huwezi tena kumrudisha alikotoka. Nyasi na maji ni vya Mungu. Kwa hiyo malisho ya akiba yana njia moja tu ya kubaki akiba, nayo ni kutotajwa. Shangazi alinifundisha hilo nikiwa na miaka minane, kwa fimbo, baada ya kumwambia dereva wa lori mahali ng'ombe wetu walipokuwa wakilishia.

Nilijua. Nataka ieleweke kwamba nilijua.

Kisha akaja mkufunzi kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye kofia pana, kutufundisha kwa siku tatu namna ya kuchora ramani ya wazi, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuiona na kuiongezea. Alifungua kompyuta akatuonyesha sehemu yetu. Ilikuwa na mstari wa barabara, nukta ya mji, na weupe mtupu hadi mpakani. Iliniuma. Yaani sisi sote, na babu zetu wote, tulikuwa weupe. Tukaingia kazini. Tuliweka visima, majalala, vichaka vya mathenge, na mahali wachoma makaa walipokuwa wakikata miti. Jalala lililokuwa nyuma ya shule lilihamishwa baada ya sisi kuitundika ramani ukutani mbele ya wakubwa katika mkutano mmoja Garissa. Ilikuwa kazi nzuri, na mpaka leo siwezi kusema haikuwa.

Katika mkutano huo wafadhili walituahidi tingatinga la kuchimba masilanga mengine. Sharti lilikuwa dogo tu: kundi lionyeshe kwenye ramani eneo ambalo wenyeji wenyewe wamelihifadhi, pamoja na picha. Kichwa kikanivimba. Nani alikuwa na eneo kama letu? Mkufunzi alikuwa amekuja tena kututembelea, nikampakia kwenye pikipiki, tukaenda kwa shangazi.

Alitupokea vizuri. Kiswahili chake alikiweka kwa ajili ya wageni, na alikitumia bila kumwogopa mtu.

"Karibu, karibu. Wewe nakula nyama? Kijana nyembamba hivi, mama yako nasema nini?"

Mkufunzi akacheka, akanywa maziwa, akapiga picha. Bonde lilikuwa limesimama kijani, nyasi zafika magotini, silanga inang'aa. Nilimwambia asogee kushoto ili miiba ya lango ionekane. Shangazi alikuwa akitutazama, shuka lake jekundu begani.

"Hii bicha nakwenda wabi?" akamwuliza.

Kijana akanigeukia. Mimi ndiye niliyejibu, kwa Kisomali.

"Ofisini, eedo."

Akaridhika. Ofisi alizijua: karatasi huingia huko na hazitoki tena. Jibu langu halikuwa uongo mtupu, lilikuwa limefupishwa tu, na nilijua kwa nini nimelifupisha. Kesho yake nikaweka alama juu ya bonde. Chini yake nikaandika kwa Kisomali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: malisho ya akiba yanayolindwa na wenyeji, nyasi nyingi, silanga ina maji. Nikabonyeza. Mkufunzi akanipigia makofi, na wenzangu wakapiga pia.

Tingatinga halikuja. Mvua nayo haikuja. Msimu wa kwanza tulisema imechelewa. Wa pili tukasali sala ya mvua uwanjani, wanaume mbele na sisi nyuma, na wingu likapita juu yetu likaenda zake. Wa tatu, mizoga ilianza kuonekana kando ya barabara, na harufu yake ikawa inaingia mpaka chumba cha kompyuta. Tulifunga madirisha tukaacha feni.

Katika siku hizo alikuja mwanamume wa makamo, miguu myeupe kwa vumbi, akasema ametoka upande wa Rhamu. Alinipa simu yake akaniomba nimchapishie kilichomo, kwa kuwa chaji haidumu porini. Ilikuwa ramani yetu. Alama ya bonde ilikuwa katikati kabisa. Nifanyeje? Sitajificha: nilifurahi. Nilifikiri, tazama, mfugaji halisi anatumia kazi yetu. Nikamchapishia kwa rangi. Printa haikutafuna karatasi siku hiyo.

Wiki mbili baadaye shangazi alinipigia simu. Sauti yake haikuwa na ukali wake wa kawaida, akasema tu, "Eedo, malori yamekuja."

Nilifika adhuhuri. Malori mawili yalikuwa yakishusha mbuzi, na nyuma yake, kwa miguu, ngamia na punda waliobeba maturubai na watoto. Walitoka Rhamu, Kutulo, na mahali pengine ambako sijawahi kufika. Hawakuwa watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya. Walikuwa na midomo iliyopasuka, na mbuzi wao waliposhushwa walibaki walipoangukia. Shangazi alikuwa langoni na fimbo ndefu, akivuta matawi ya miiba pembeni. Alikuwa akiwafungulia.

Nilimshika mkono. "Eedo, unafanya nini? Wakatalie!"

"Wameshasalimu," akasema. "Nimeshaitikia. Sasa nifanyeje, niirudishe salamu mdomoni?"

Watu wa pwani wana msemo wao, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile nilitamani aliyeutunga aje asimame pale langoni na sisi.

Shangazi alimwuliza mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, wamepajuaje mahali pale. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za safari. Yule mwanamke akatoa simu kwenye nguo zake, akaifuta vumbi, akamwonyesha. Ilikuwa ile picha: nyasi, silanga, miiba ya lango, na pembeni kipande cha shuka jekundu. Shangazi aliitazama simu muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akageuka, akaendelea kushikilia tawi mpaka mbuzi wa mwisho akapita.

Nilimweleza yote ndani ya nyumba yake, kwa sauti ndogo, macho kwenye mkeka. Ramani ni nini, nani anaweza kuiona, kwamba ni mimi niliyeandika zile lugha tatu. Nilimwambia nilidhani itatuletea tingatinga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza, ningekataa," akasema. "Ndiyo maana hukuniuliza."

Akanimiminia chai. Nilitamani anitukane, na alikuwa bingwa wa matusi, lakini hakunitukana siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Nilirudi mjini nikaifuta alama. Ilichukua muda mfupi kuliko kuiweka. Lakini picha zilikuwa zimeshaingia kwenye simu za watu, zikitumwa kutoka kundi hadi kundi, na karatasi zilikuwa zikizunguka kwenye mikunjo ya kikoi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwaga kwa mikono miwili. Malori mengine yakaja. Kwa siku kumi na moja bonde likaliwa mpaka mizizi, na silanga ikabaki uji mweusi wenye kwato zilizonasa. Wageni wakaaga kwa adabu, wakawaombea dua wenyeji, wakaondoka kuelekea kusini.

Jilaal ndiyo kwanza ilikuwa imefika katikati.

Kuna kazi ambayo mtu asiye mfugaji haijui. Ng'ombe aliyedhoofika akilala hawezi kusimama mwenyewe, na asiposimama atakufa siku hiyo. Kwa hiyo kila alfajiri watu huenda boma kwa boma kunyanyua. Mmoja hushika mkia, wawili mabega, wengine hupitisha kamba chini ya tumbo, mnasema Bismillah, mnavuta. Akisimama, mnamshikilia mpaka miguu iache kutetemeka. Kisha mnaenda kwa mwingine. Nilifunga chumba cha kompyuta nikaenda kunyanyua ng'ombe wa shangazi. Niliwanyanyua kwa wiki tano. Mikono yangu, iliyokuwa imelainika kwa kibodi, ilichubuka ikapona ikachubuka tena, na nilipenda ichubuke.

Tuliwalisha katoni. Nilizikusanya madukani Habaswein, katoni za biskuti, za sabuni, za majani ya chai, nikazileta kwa punda. Tuliziloweka kwenye maji kidogo yenye chumvi, tukazichana vipande. Zilipokwisha za madukani nilirudi kuchukua maboksi ambayo kompyuta zetu zilikuja nayo. Ng'ombe walitafuna na maandishi yake. Shangazi aliokota pini za chuma kwa kidole kabla ya kuwapa, moja moja, asije mmoja akazimeza. Hata katika hali ile hakutaka ng'ombe wake adhurike.

Walikufa wakifuatana. Asubuhi moja tulinyanyua sita, jioni wakabaki wanne. Tuliwaburuta mbali na kijiji kwa kamba zile zile tulizowanyanyulia. Wa mwisho alikuwa jike mwekundu, mama wa wengi kati ya wale waliomtangulia, ambaye shangazi alimwita kwa jina lake. Alisimama peke yake asubuhi hiyo bila kushikwa, sote tukashangilia kama wajinga. Alipiga hatua nane hivi akielekea bondeni, akapiga magoti. Tulivuta mpaka shangazi akasema basi, mwacheni. Akaketi chini kando ya kichwa chake akamfukuzia nzi mpaka mwisho. Sijawahi kujichukia hivyo, na sidhani nitawahi tena.

Mvua ilinyesha siku ishirini na mbili baadaye. Bonde likaota kijani kabisa, na hapakuwa na wa kulila.

Shangazi alihamia kwangu mjini. Jirani walinisifu kwamba mimi ni mtoto mwema, nimemtunza mzee. Niliwaacha waseme. Asubuhi alikuja nami kwenye chumba cha kompyuta akaketi kwenye benchi chini ya feni, akigombana na vijana waliovaa suruali zilizobana. Hakuna aliyekuwa akinunua sukari ila mimi, na alipotaka chai ya pili aliniuliza kwanza kama ipo. Mwanamke yule, kuniuliza mimi! Nilikuwa natoka nje, nasimama nyuma ya jengo kidogo, kisha narudi na kumwambia ipo, eedo, tele.

Siku moja aliingia mwanamume mwenye ndevu nyekundu za hina, anataka fomu ya shule ya binti yake. Alisema wao ni watu wa upande wa Kutulo. Nilipokuwa namjazia, macho yake yakatua kwenye ramani kubwa tuliyoitundika ukutani, ambayo sasa haikuwa na alama ya bonde.

"Nyinyi ndio mliokuwa mkiandika mambo haya kwenye simu?"

"Ni sisi."

Akaweka mkono kifuani. "Mungu akulipe, dada. Mbuzi wangu walikuwa wamebaki ngozi. Tuliona picha yenu, tukachanga lori. Zile siku tulizokaa pale ndizo zilizotufikisha kwenye mvua. Kila sala nawaombea nisiowajua."

Shangazi ndiye aliyejibu kutoka kwenye benchi. Yule bwana hakumkumbuka. Siku ile langoni alikuwa mwanamke mmoja tu kwenye vumbi, ameshika tawi.

"Walipona?" akauliza.

"Wengi, eedo. Sasa wamezaa."

"Alhamdulillahi," akasema shangazi, na alisema kwa moyo wake wote. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko lawama.

Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi, akamwuliza habari za njia. Mvua imenyesha wapi huko alikotoka? Nyasi ziko wapi?

Yule bwana akasita. Akanitazama mimi, akazitazama kompyuta, akageuka kwa shangazi na kumwuliza taratibu, "Na wewe, eedo, mifugo yako iko upande gani?"

"Sina mnyama," akasema shangazi.

Uso wa yule bwana ukalegea. Akavuta kiti karibu na benchi akaanza kumweleza: bonde lipi limeota, silanga ipi imejaa, mahali gani nyasi ni ndefu na bado hapajafikiwa na mtu. Alitaja hata pale alipowaweka ngamia wake mwenyewe. Shangazi aliuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa, na yule bwana aliyajibu yote mpaka la mwisho, kwa kuwa mtu asiye na mnyama hakuna haja ya kumficha kitu.